Karatasi za Nyumbani Ughaibuni: Zipi za Kutumia Tena, Zipi za Pipa

Nyumbani kwetu Langoni, Lamu, mama hakutafuta kitambaa alipotaka kusafisha chemni ya taa. Aliipulizia pumzi, akaipangusa kwa karatasi ya gazeti mpaka masizi yakaisha, na jioni karatasi hiyo hiyo ikawashia jiko la makaa. Nilipohamia Uingereza nilikuta karatasi zinazoingia nyumbani kwa wiki moja, barua za benki, matangazo na maboksi ya bidhaa zilizoagizwa mtandaoni, ni nyingi kuliko tulizokuwa tukiziona Lamu kwa miezi. Huko zina pipa lake, lakini wengi wetu hatujaelezwa pipa hilo linakubali nini.

Kiwandani karatasi ya pipa hilo hulowekwa na kuvurugwa mpaka iwe rojo, nyuzi zake zikaachana na wino ukaondolewa, kisha rojo hilo hutandazwa na kukaushwa likawa karatasi mpya. Mafuta hung'ang'ania nyuzi na kuharibu karatasi mpya. Sikulijua hilo mwaka wangu wa kwanza, kwani baada ya Idi nilitupa ndani ya pipa la karatasi boksi zima nililochujia sambusa, na asubuhi nikalikuta pipa halikumwagwa, limebandikwa onyo. Siku hizi nachana upande mkavu wa boksi nikautia humo, na upande wenye mafuta nautia kwenye taka za kawaida.

Tishu hazifai, kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha kuwa fupi mno. Karatasi huweza kuchakatwa upya mara 5 hadi 7 hivi, na kila mara nyuzi hupungua urefu. Vikombe vya kahawa vina utando wa plastiki kwa ndani, hivyo visichanganywe na karatasi. Risiti za dukani nyingi huchapwa kwa joto juu ya karatasi yenye kemikali: ikwaruze kwa ukucha, na ukiona mstari mweusi, usiitie humo. Karatasi ya zawadi ifinyange mkononi. Ikifunguka yenyewe, ina plastiki.

Taratibu hutofautiana. Ujerumani karatasi zina pipa lake, mara nyingi la buluu. Japani magazeti, majarida na maboksi hufungwa kwa kamba, kila aina peke yake, na kutolewa siku iliyopangwa. Uingereza kila halmashauri ina masharti yake, kwa hiyo ukihama mtaa usiyachukue mazoea ya mtaa uliotoka.

Liko jambo ambalo vijitabu vya halmashauri havilitaji, nalo hutusumbua sisi watu wa pwani: karatasi zenye aya za Qurani, kalenda za misikiti, na daftari za watoto wa chuoni, yaani madrasa. Atokaye kisiwa jirani na Pate, ambako mji wa Siyu ulisifika kwa wanakili wa misahafu, hawezi kuzitia karatasi hizo pamoja na matangazo ya pizza, na asione haya kwa hilo. Njia tulizozikuta kwa wazee ni kuzizika mahali safi pasipokanyagwa, au kuzichoma na kuyazika majivu. Asiye na uwanja, na anayeishi ghorofani panapokatazwa moto, azitie katika bahasha ya peke yake na kuuliza msikiti wa karibu. Ipo misikiti inayozipokea.

Barua zenye jina, anwani na namba ya akaunti zichanwe kwanza. Lakini hati za uhamiaji, mishahara na kodi zisiguswe hata zikiwa za miaka iliyopita, maana huenda ukaulizwa siku usiyoitazamia.

Kabla ya kutupa, tumia. Upande mtupu wa barua unatosha kwa hesabu za mtoto, na trei ya mayai huotesha miche ya pilipili. Jambo moja la nyumbani nalikataa: kufungia bajia za moto katika gazeti, kwani wino hugandana na chakula.

Ukifunga safari ya kurudi, vua bidhaa maboksi yake uyaache huko yaliko mapipa. Lamu mji wa kale hauna njia za magari, mizigo hupita vichochoroni juu ya punda, na ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani, karatasi nyingi bado huishia motoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo vyombo vya kuvunjika vifunge kwa magazeti. Safari hii nilileta vikombe sita namna hiyo. Kabla sijanywa chai, mama alikwisha kuyanyoosha magazeti yote kwa kiganja, ukurasa kwa ukurasa, na kuyaweka chini ya godoro.