Kutoka SAN hadi Ceph kwa seva tatu, na ile saa iliyonikesha

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili na fundi kijana kwenye depo moja ya malori hapa Lubumbashi, njia ya Likasi, tukihamisha mashine pepe 18 (kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva) kutoka SAN kwenda Ceph, programu inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja. Hifadhi yao ilikuwa SAN, yaani sanduku la diski linalotumiwa na seva kupitia mtandao, ya kawaida kabisa: kontrola mbili ndani ya sanduku moja, diski za RAID 6 (hata mbili zikifa data inabaki), iSCSI (diski kupitia mtandao) kuelekea kwenye seva. Kontrola moja ilikufa. Muuzaji akasema modeli hiyo haitengenezwi tena, kipande kitafutwe Johannesburg kisha kipite mpakani Kasumbalesa kama mzigo mwingine wowote. Wiki zote hizo kampuni nzima ilining'inia kwenye kontrola moja iliyobaki.

Tulipomaliza kijana akaniambia, "Mukubwa, uniandikie, nitasahau." Basi hii hapa.

Kwanza, je, unaihitaji Ceph kweli?

Kama una seva mbili tu, baki na SAN. Kama una databesi moja kubwa inayoandika mfululizo na inataka jibu la haraka kila mara, baki na SAN nzuri. Ceph haikubali andiko mpaka nakala zilizo kwenye seva nyingine zithibitishe, kwa hiyo kila andiko linasafiri kwenye mtandao kabla programu haijaambiwa "tayari". Anayekuambia Ceph ya seva tatu ina kasi kuliko SAN ya maana hajawahi kupima kwa andiko moja moja, kila moja likisubiri lililotangulia.

Unachopata ni kitu kingine. Diski ikifa unanunua diski yoyote ya daraja hilo. Seva ikifa unaweka seva nyingine, hata ya chapa tofauti. Hapa Lubumbashi, ambako kipande cha chapa fulani ni safari na forodha, mimi hilo linanitosha.

Hatua ya 1: Hesabu ya nafasi

Wengi wanajidanganya hapa. Seva 3, kila moja na diski 4 za tera 1.92: jumla tera 23.04. Ceph inaweka nakala 3, kwa hiyo gawa kwa tatu: 7.68. Bosi anaandika 7.68 kwenye ripoti na kufurahi.

Sasa ua diski moja kichwani. Kwa kuwa seva ni tatu na nakala ni tatu, kila seva lazima ibebe nakala yake, hivyo data ya diski iliyokufa inahamia kwenye diski tatu zilizobaki ndani ya seva ileile. Ceph inaanza kulalamika diski ikifika asilimia 85, na ikifika 95 inakataa kuandika. Ili diski tatu zibebe mzigo wa nne bila kuvuka 85, usijaze zaidi ya asilimia 63 hivi. Nafasi yako halisi ni karibu tera 4.9. Mwambie bosi 4.9 kabla hajalipa, si baada.

Na kuna ujanja wa kuweka nakala mbili na `min_size` 1 (Ceph iendelee kuandika hata ikibaki nakala moja) ili "kuokoa nafasi". Usifanye. Seva moja ikiwa chini na diski moja ikafa upande wa pili, data imekwenda. Nikikuta mpangilio huo kwa mteja, naubadilisha kwanza, maelezo baadaye.

Hatua ya 2: Vifaa

Kadi ya RAID itoke, iingie HBA ya kawaida (kadi inayopitisha diski kama zilivyo). Ceph inataka kuona kila diski yenyewe, bila mtu kusimama katikati. SSD ziwe zile zenye kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Za dukani za kompyuta ya mezani zinaonekana zina kasi mpaka uzipime kwa `fio` (programu ya kupima diski) ukiwa umeweka `--sync=1 --bs=4k --iodepth=1`, hapo zinaanguka vibaya. RAM hesabu giga 4 kwa kila diski, mbali na ya mashine pepe zako.

Mtandao wa hifadhi: giga 10. Kwa seva tatu sinunui swichi. Kila seva inapata kadi yenye milango miwili, nyaya tatu za DAC (waya mfupi wa shaba wenye viunganishi vyake), pembetatu imekamilika. Kinapungua kitu kimoja cha kuungua radi ikipiga.

Hatua ya 3: Sakinisha Proxmox (mfumo unaoendesha mashine pepe) kwenye seva zote na uunde klasta, yaani zifanye kazi kama kundi moja. Hii unaijua.

Hatua ya 4: Saa

Usiruke. Ukiruka hii, rudi kwenye SAN.

Monita za Ceph (programu zinazosimamia klasta, hapa moja kwa kila seva) zinakubaliana kwa kura, na zinataka saa zao zilingane. Kiwango cha kawaida ni tofauti ya sekunde 0.05, ikizidi hapo zinaanza kuonya. Ikizidi sana, tiketi za uthibitisho zinakataliwa na diski hazipandi.

Mwaka mmoja, masika yamekolea, kuranti (umeme) ilikatika kwa mteja wangu saa nne usiku. Onduleri (betri ya akiba) ikashika dakika 20, gurupu (jenereta) ikagoma kuwaka. Kuranti ikarudi saa nane. Nikafika, nikawasha. Seva ya kwanza ilikuwa na kibetri cha saa, CR2032, kilichokufa, ikaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya seva), nikaiwekea saa kwa kutazama ya mkononi. Nikaona bora nikague na ya pili: ipo nyuma kwa saa mbili! Nikaisahihisha pia. Ya tatu ilikuwa imeshawaka, nikaiacha.

Mkosaji nilikuwa mimi. Linux inasoma saa ya BIOS kama UTC (saa ya kimataifa), na sisi Lubumbashi tuko UTC+2. Seva ya pili ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeiharibu. Sasa nina mbili zilizo mbele kwa saa mbili, zenyewe kwa zenyewe zikipishana sekunde kadhaa za vidole vyangu, na moja ya kweli. Intaneti haikuwepo kwa sababu mnara wa redio nao ulikuwa hauna umeme, kwa hiyo chrony (programu inayolinganisha saa) haikuwa na pa kuuliza.

`ceph -s`, amri ya kuuliza hali ya Ceph, inakaa kimya, inajibu, inakaa kimya tena. Nikabadilisha nyaya. Nikabadilisha kadi. Nikawasha upya kila kitu mara nne. Mlinzi akaniletea chai, akauliza kama mashine imerogwa. Saa moja asubuhi ndipo nikaandika `date` kwenye seva zote tatu, moja baada ya nyingine. Saa tano nzima kwa neno la herufi nne.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kuifanya ruta ya MikroTik iwe chanzo cha saa. Mbaya. Nyingi ya ruta hizo hazina betri ya saa. Kuranti ikirudi zinaamka na saa ya zamani na kuigawa kwa kila mtu kwa kujiamini kabisa.

Ninachofanya sasa ni hivi. Kwenye `/etc/chrony/chrony.conf` ya kila seva, baada ya vyanzo vya intaneti, naandika anwani za seva nyingine mbili, kisha (10.10.10.0/24 ni mtandao wa hifadhi):

`allow 10.10.10.0/24`
`local stratum 10 orphan`

Intaneti ikiwepo, zote tatu zinafuata huko. Isipokuwepo, zinachagua mmoja wao na kumfuata. Saa yao inaweza isiwe ya kweli, lakini ni moja, na Ceph inataka umoja tu. Angalizo: intaneti ikirudi na tofauti ni kubwa, usipige `chronyc makestep` (kuirusha saa ghafla) kwa mkono huku mashine pepe zinafanya kazi. Acha zivutwe polepole, au zima kwanza.

Hakikisha kwa `ceph time-sync-status` ukishaunda monita. Badilisha CR2032 zote siku ya kwanza, hata seva ikiwa mpya kwako. Na bandika karatasi mbele ya kabati: SAA YA BIOS NI UTC, USIGUSE.

Hatua ya 5: Ceph yenyewe

Kwenye kila seva `pveceph install`. Kwenye ya kwanza `pveceph init --network 10.10.10.0/24`. Kisha `pveceph mon create` kwenye zote tatu, `pveceph osd create` kwa kila diski, na mwisho:

`pveceph pool create vm --size 3 --min_size 2 --add_storages`

Robo saa, kama hukuruka ya nne.

Hatua ya 6: Kuhamisha

SAN ya zamani ikiwa bado imeunganishwa kwenye Proxmox, hamisha diski za mashine pepe moja moja zikiwa zinafanya kazi. Anza na isiyo na maana. Databesi ya mizani ya malori tuliihamisha Jumapili, na tuliizima kwanza. Kijana aliniona mwoga. Sawa.

Usitie tiki kwenye kisanduku cha kufuta chanzo. Subiri wiki mbili. Na nakala tatu za Ceph si akiba ya dharura: faili lililofutwa kwa makosa linafutwa mara tatu.

Hatua ya 7: Kuzima kwa heshima

Unganisha onduleri kwa NUT (programu inayosikiliza onduleri). Betri ikishuka, mfuatano ni huu: zima mashine pepe zote, `ceph osd set noout`, kisha seva. Bila `noout`, Ceph inasubiri dakika 10 tu kabla ya kuitangaza diski iliyozimika kuwa imetoka na kuanza kujenga nakala zake kwingine. Kuranti ikirudi, washa seva zote tatu, andika `date` kwenye kila moja, subiri diski zote zipande, kisha `ceph osd unset noout`, ndipo mashine pepe.

Kijana wa depo aliisahau `unset` mara ya kwanza. Diski ikafa siku nne baadaye na hakuna kilichojijenga upya, kwa sababu tulikuwa tumeiambia Ceph isihangaike. Sasa amri hiyo imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ile karatasi ya kabati, chini ya saa.