Kabla Hujalipia Kuchapa Riwaya Yako

Wachapishaji wakishakurudishia mswada mara kadhaa, yasome upya majibu yao. Anayekwambia "riwaya haziuzi, sisi tunategemea vitabu vya shule" hajaikataa hadithi yako. Anayesema sura za katikati zinachosha, huyo msikilize. Mimi nilipata wa aina zote mbili.

Ukiamua kujichapia, pesa ya kwanza mpe mhariri, si mchora jalada. Kwa sisi wa Tanzania, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kwa mchapaji, bei ya mdomo usiikubali. Dai nakala moja ya mfano, uifungue katikati hadi mgongo ulie. Kurasa zikichomoka, gundi ni mbovu. Inua ukurasa kwenye taa. Maandishi ya nyuma yakijitokeza sana, omba karatasi nzito zaidi. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba kwangu inatosha. Anza na nakala chache (maboksi chini ya kitanda yana kero yake, muulize mume wangu).

Wenye maduka wengi watataka mali kauli, yaani wakulipe wakishauza. Sawa, ila andikishianeni idadi, asilimia yao na tarehe ya kulipana, na ubaki na nakala ya makubaliano hayo yenye sahihi.