Kuandaa mdahalo wa maeneo kujitenga na nchi zao, klabu za sekondari Arusha

Usiweke mada "nani ana haki?", wataishia kuzomeana. Tenganisha kwanza madai: hofu ya jamii kuangamizwa (Biafra, Nigeria, 1967), utajiri wa madini (Katanga, Kongo, 1960), mpaka wa mkoloni (Eritrea kutoka Ethiopia, Somaliland kutoka Somalia). Hapo pa tatu ndipo wengi huteleza: Somaliland haisemi mipaka ya kikoloni ivunjwe, inadai mpaka wake wa kikoloni urudishwe. Kwa hiyo azimio la OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru, hutumiwa na pande zote mbili, lisomwe kabla. Kila upande dakika saba, maswali dakika kumi. Akisimama wa kudai Tanzania haijawahi kuunga mkono waliojitenga, mkumbushe Aprili 1968: Nyerere aliitambua Biafra. Ibara ya 20 (haki ya watu kujiamulia mambo yao) ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao mahakama yake ipo hapa hapa mjini, chapeni nakala moja kila meza.