Kitabu Kinapogoma Kufunguka Katika Programu ya Maktaba

Wasomaji wengi, wakiona jalada limetokea lakini kurasa hazifunguki, hukimbilia kuiondoa programu nzima na kuisakinisha upya. Hatua hiyo iache iwe ya mwisho, kwani huondoka na vitabu vyote ulivyopakua pamoja na alamisho ambazo hazijafika kwenye akaunti yako.

Kwanza, zima intaneti, kisha fungua kitabu kingine ambacho tayari kimo ndani ya simu. Kikifunguka, programu ni nzima na hitilafu iko kwenye mtandao au kwenye faili la kile kitabu kimoja. Kikigoma nacho, ruka hadi hatua ya tatu.

Pili, likague faili lenyewe. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni faili lililoshuka nusu, pale mtandao ulipokatika na programu ikadhani kazi imekwisha. Kitabu cha EPUB, aina ya faili la vitabu vya kidijitali, ni kifurushi cha zip (faili nyingi zilizobanwa kuwa moja) kilichobeba maandishi na picha, na orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni kabisa mwa faili. PDF nayo, kwa kawaida, huweka mwishoni jedwali linaloonyesha kila kitu kilipo. Ndiyo maana faili la megabaiti 20 lililokatikia kwenye 19 linaweza kukataa kabisa kufunguka, hata ukurasa wa kwanza. Linganisha ukubwa wake na ule uliotajwa kwenye maktaba. Ukipungua, futa kitabu hicho pekee, hakikisha hifadhi ina nafasi, zima kiokoa betri (huweza kusimamisha upakuaji skrini inapozimika), kisha kipakue tena.

Tatu, kwenye simu ya Android, ingia Mipangilio, fungua ukurasa wa programu hiyo, gusa Hifadhi, kisha Futa akiba, yaani faili za muda za programu. Kitufe cha kufuta data kiko jirani; usikiguse, kwa maana hicho hufuta na vitabu.

Ikiwa vinavyogoma ni vya kuazima tu, tazama tarehe ya simu. Niliwahi kuletewa kishikwambi ambacho betri yake iliisha kabisa, kikawaka kikisoma mwaka 1970. Kilikataa kuunganishwa na seva, kompyuta ya maktaba inayotoa vitabu, kwa sababu, kwa saa ya kishikwambi, cheti cha usalama cha seva hiyo (kitambulisho chake cha kidijitali) kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Niliwasha tarehe ya kujiweka yenyewe, nikaifunga programu na kuifungua, na vitabu vikarudi.