Kupunguza uzito: kitoweo kwanza, wali baadaye

Sahani ya mchana Unguja na Pemba huwa ni mlima wa wali wa nazi na kipande cha samaki ubavuni. Anayetaka kupungua aigeuze: apakue kitoweo kwanza, mboga za majani zifuate, wali ujaze nafasi iliyobaki, kama kikombe kimoja hivi.

Anza na hesabu. Mtu mzima wa kawaida hutosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukipunguza chakula, panda hadi 1.2 au 1.6, kwa sababu mwili ulionyimwa hauli mafuta yake peke yake. Hula na misuli. Mwenye kilo 70 basi atafute gramu 84 hadi 112. Aliyenenepa sana ahesabu kwa uzito anaoukusudia. Na misuli haibaki kwa kula tu: inuka na kuketi kitini mara 10, raundi tatu, angalau siku mbili kwa wiki.

Gawa kiasi hicho katika milo mitatu, kama gramu 30 kila mmoja. Asubuhi ndipo panapoharibika, maana mkate wa boflo na chai havifiki hata gramu 10, na saa nne njaa imesharudi. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha mbaazi zilizoiva kama 11. Ukitia na kipande cha boflo, umekaribia. Mchana, gramu 100 za jodari aliyeiva zina kama 28.

Usiku weka pweza, ila angalia mizani. Pweza akichemka hutoa maji akanywea karibu nusu. Mbichi ana gramu 15 za protini katika kila gramu 100, akiiva zinakaribia 30. Anayepima mbichi na kusoma hesabu ya aliyeiva hujidanganya maradufu. Dagaa wakavu ni rahisi na wana protini nyingi, gramu 50 zikitoa 25 hadi 30, lakini wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke maji ya moto, uyamwage, urudie tena, hasa mwenye presha.

Sasa tui, linaloangusha wengi. Protini hushibisha, na katika kila kalori 100 zake mwili hutumia 20 hadi 30 kuisaga tu. Faida hiyo huzama ndani ya kasimele, yaani tui zito la kwanza: gramu 100 zake zina zaidi ya kalori 300, takriban zote za mafuta. Pika mchuzi kwa tui la pili, jepesi, kisha kijiko kimoja au viwili vya kasimele mwishoni kwa ajili ya harufu. Samaki wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga, na unga wa protini wa dukani sioni haja yake palipo na vibua.

Kwa miaka ya mbele, samaki na jamii ya kunde ni salama zaidi kwa moyo kuliko nyama nyekundu kila siku. Wazee wasishuke chini ya gramu 1 kwa kilo, maana misuli yao huyeyuka upesi. Mwenye maradhi ya figo asifuate hesabu hizi. Kiasi chake apangiwe na daktari. Mwenye sukari naye apime figo kwanza, mkojo na damu.