Tanuru la umeme lililoungua koili usiliuze chuma chakavu

Wafinyanzi wa Dodoma, tanuru hilo lihamishieni kwenye gesi ya mtungi. Kata umeme, ng'oa koili (waya za kupashia joto) na nyaya nyingine zote, kisha toboa matundu mawili: la kichomeo chini ubavuni, la moshi kwenye mfuniko. La juu lianze dogo, utalipanua ukiona mwali unasongwa. Matofali yake ni laini, msumeno wa kawaida unayakata. Ndiyo maana moto ukiyapiga moja kwa moja yanaliwa. Weka kiukuta cha vipande vya rafu za tanuru zilizovunjika kati ya mwali na vyungu.

Mtungi wa kilo 6? Sahau. Gesi ikitoka kwa wingi mtungi hupoa hadi kushika barafu nje, na presha inashuka katikati ya uchomaji. Tumia wa kilo 38, na regulata ya presha kubwa, si ile ya jikoni.

Usichomee ndani: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Nje nako upepo wetu wa kiangazi huzima mwali, basi jenga kikinga upepo, na ufunge vali ya usalama inayokata gesi yenyewe moto ukizimika.