Kuboresha Picha za Usiku za Majengo Mashuhuri ya Mjini

Fika mapema, kwa sababu dakika 20 hadi 40 baada ya jua kuzama anga huwa bado na rangi ya buluu inayotenganisha paa la jengo na giza, na saa hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Funga kamera kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu), weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100 na tundu la lenzi kwenye f/8, kisha tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kuacha lenzi ikipokea mwanga kwa sekunde 15 hutosha kugeuza taa za magari kuwa mistari myekundu na myeupe. Kuza picha kwenye kioo cha kamera uchunguze ukuta ulio karibu na taa: ukiwa umepauka hata mawe yake hayaonekani, punguza muda huo wa kupokea mwanga kwa nusu, kwani sehemu hiyo hairudishiki wakati wa kuhariri, ilhali kivuli huweza kuangazwa.